Mkopo wa chuo na skolashipu: anza na makaratasi mapema, wadogo zangu wa Mtwara na Lindi

Wadogo zangu mliomaliza form six, na nyie wa form five ambao mnadhani bado mna muda, na wazazi wetu pia, naandika hii nikiwa Masasi. Nimeshakaa na watoto wengi wa huku kuwasaidia kujaza maombi na kila mwaka naona kitu kilekile, mtoto kafaulu vizuri, chuo kapata, ila hela ya kusomea kaikosa kwa sababu ya herufi mbili kwenye cheti cha kuzaliwa. Inaniuma kwelikweli, ndo maana nataka tuanze na makaratasi kabla ya kitu kingine chochote.

Ila kwanza tuelewane. Mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) ni deni, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka uishe. Skolashipu hurudishi. Omba vyote viwili, usikae kusubiri kimoja kijibu ndo uanze kingine, muda wenyewe hautoshi.

Na huo muda kwa sisi wa kusini umekaa vibaya. Dirisha la mkopo miaka ya karibuni linafunguliwa mwezi wa 6 na kufungwa kuelekea mwisho wa mwezi wa 8, sasa huo ndo wakati mkorosho unapulizwa, hela yote ya nyumbani imeishia shambani, na minada ya korosho inaanza mwezi wa 10 wakati wenzako washaripoti chuo. Wa Lindi mwenye ufuta ana afadhali kidogo, hela yake inaingia mapema. Kwa hiyo mzazi, msimu ukiisha tu na malipo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yakiingia, tenga hela ya fomu (ada ya maombi ni sh 30,000) na ya nauli, wakili na kopi, iweke pembeni kabisa, asiiguse mtu. Nimeona baba anauza mbuzi kwa bei ya kutupa mwezi wa 8 kwa ajili ya hela ambayo mwezi wa 12 ilikuwepo.

Sasa majina. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha form four, na namba ya NIDA kama unayo, vipange mezani usome herufi kwa herufi. Huku kwetu mtu anaitwa Hamisi shuleni, Khamis kwenye cheti cha kuzaliwa, jina la tatu mara la babu mara la ukoo. Mimi yalinikuta, kuna ofisi waliniandikia jina la baba kwa makosa na mimi sikusoma, nikalikunja cheti nikaweka kwenye begi, miaka minne baadaye ndo nikagundua, tena dirisha limebakiza siku tisa. Nilikaa nyumbani mwaka mzima. Kwa hiyo ukikuta tofauti nenda kwa wakili au mahakamani uulize kiapo gani kinatakiwa kwa hali yako, na ufanye hivyo ukiwa form five, usingoje matokeo.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, unafanya mtandaoni kwenye mfumo wao, unapakia picha ya cheti, unalipia, unasubiri majibu. Mwezi wa 8 kila mtu yupo humo, fanya mapema. Kama umefiwa na mzazi unatakiwa na cheti chake cha kifo, nacho kihakikiwe vilevile. Hapa ndo wengi wanakwama maana mzee alizikwa kijijini na hakuna aliyefuatilia cheti. Bado inawezekana, anzia kwa mtendaji wa kijiji akupe barua, afu nenda ofisi ya RITA wilayani, ila uwe na subira na usiende siku moja tu ukakata tamaa. Uyatima unaangaliwa sana kwenye kupanga mkopo, na ulemavu wako au wa mzazi, na kaya kuwa kwenye TASAF (ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), na kama kuna taasisi ilikusomesha sekondari waombe barua. Mtoto wa kaya ya TASAF usione aibu kuijaza ile namba! Nimemkuta binti kaificha kisa wenzake wapo kwenye foleni nyuma yake, nikamwambia mdogo wangu hiyo ndo nguvu yako, jaza.

Mdhamini anatakiwa awe na kitambulisho na picha. Huku kwetu mara nyingi ni mjomba, na ni vizuri, ila mtafute mapema, umwamkie, umweleze kwa utulivu anasaini nini, asije akasikia neno deni siku ya mwisho akagoma. Fomu inasainiwa pia na serikali ya mtaa au kijiji na inapita kwa wakili au hakimu. Kagua kila mhuri kabla hujaondoka pale, kurasa moja isiyo na saini inatosha kukurudisha nyuma.

Kwenye kujaza, wengi mnakwenda steshenari na hakuna ubaya, ila kaa pembeni ya yule kijana uangalie kioo. Namba ya simu iwe yako, imeili iwe yako, paswedi iandike kwenye daftari. Nimekutana na watoto ambao akaunti ilifunguliwa kwa imeili ya mwenye duka, ujumbe wa kurekebisha ukaja kwake, yeye kafuta. Na namba ya mtihani wa form four uliyoombea chuo iwe hiyohiyo kwenye mkopo, kama ulirudia mtihani hapa uwe makini sana.

Malipo ni kwa kontroli namba tu inayotoka kwenye mfumo. Mtu akikupigia anasema tuma elfu hamsini nipushi jina lako, huyo ni mwizi, kata simu.

Wa PCM, PCB na wenzao mliofaulu juu sana, ipo Samia Skolashipu iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, ni kwa wanaoenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba, ingia kwenye tovuti ya Bodi matokeo yakitoka uone kama upo kwenye orodha. Za nje fuatilia matangazo ya Wizara ya Elimu na ya balozi. Programu ya Mastercard Foundation unaomba kupitia chuo chenyewe, mfano Ashesi au KNUST kule Ghana. Mwenye digrii na uzoefu wa kazi miaka miwili aiangalie Chevening, masters ya mwaka mmoja Uingereza, na kuomba ni bure.

Skolashipu nyingi zinataka barua ya kujieleza na hapo ndo pa kutulia. Binti mmoja wa Tandahimba aliniletea yake, imejaa "mimi ni mchapakazi na nina ndoto kubwa", nikamuuliza msimu wa korosho unafanya nini nyumbani? Akasema yeye ndo anayeandika kilo za bibi yake kwenye daftari kabla ya kupeleka ghalani, na siku moja aligundua kilo 14 hazionekani kwenye stakabadhi, akaenda kudai mpaka zikaandikwa. Nikamwambia futa yote, anza na hizo kilo 14. Andika kitu ulichofanya kwa mikono yako, kilikuwa wapi, kiliishaje, na kinahusianaje na unachotaka kusoma. Barua za walimu ziombe kabla hujaondoka shuleni, mwalimu anapata uhamisho muda wowote, mpe wiki tatu na umwandikie kwenye karatasi mambo uliyofanya ili asiandike maneno ya jumla.

Majibu ya mkopo yanatoka kwa awamu, ukikosa ya kwanza usichanganyikiwe, endelea kuingia kwenye akaunti yako. Awamu zikiisha linafunguliwa dirisha la rufaa, na hapo unapeleka kile kilichokosekana, mfano cheti cha kifo ambacho hakikuwa tayari. Ukikosa kabisa na ukaanza chuo kwa kujibana, mwaka wa pili unaruhusiwa kuomba tena. Na fungua akaunti ya benki kwa majina yaleyale ya kwenye vyeti, bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, haliingii kwenye akaunti ya kaka.