Namna ya Kumweleza Mteja Habari za Ubongo Wake Katika Ushauri Nasaha

Mshauri nasaha anayejifunza kazi hapa Tanga hahitaji kuwa daktari wa mishipa ya fahamu, lakini anapaswa kuweza kueleza kwa Kiswahili chepesi kinachotokea kichwani mwa mtu aliyeingiwa na hofu.

Tuseme amekujia mvuvi wa Sahare ambaye, tangu chombo chake kipinduke, hawezi kusikia upepo ukivuma usiku bila moyo kumwenda mbio. Kwanza msikilize mpaka amalize; somo la ubongo linaloletwa mapema humfanya mtu ajione kielelezo cha darasani. Kisha mweleze kwamba ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala, ambayo husaidia kutambua hatari na kuuamsha mwili upesi, kabla sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kuamua, haijamaliza kutafakari. Mwambie kuwa mwili wake unamlinda, ingawa kwa wakati usiohitajika. Kwa aliyekwisha kudhani amerukwa na akili, maneno hayo si madogo.

Hapo mfundishe kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, jambo linalosaidia kupunguza kasi ya moyo kupitia neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na moyo. Fanyeni pamoja.

Jihadhari na habari ya "ubongo wa mjusi", yaani dai kwamba hofu hutoka katika sehemu ya kale ya ubongo tuliyorithi kwa wanyama kama mjusi, iliyotokana na nadharia ya mwanasayansi wa ubongo Paul MacLean wa Marekani: inanoga kusimulia, lakini wanasayansi wa ubongo wameiacha. Usiutaje ugonjwa wala dawa, kwani hiyo ni kazi ya daktari. Na akigusia kujidhuru, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ikiwezekana ukiongozana naye.