Simama kwa Mikono Kwanza, Samasoti Baadaye

Vijana ninaowafundisha sarakasi hapa ufukweni Bagamoyo wote wanataka samasoti siku ya kwanza. Siwapi. Kwanza wasimame kwa mikono, mwili umenyooka, bila kutapatapa.

Wakininunia, nawaonyesha kwenye simu video ya Kohei Uchimura, Mjapani aliyetwaa ubingwa wa dunia wa jimnastiki ya vifaa vyote mara 6 mfululizo kati ya 2009 na 2015, na dhahabu ya Olimpiki London 2012 na Rio 2016. Nawaambia waiache mizunguko, watazame anavyopita wima juu ya fito, ile nondo moja ya mlalo iliyoinuliwa juu, vidole vya miguu vikielekea mbinguni. Kule Rio, kabla ya kifaa cha mwisho, Oleg Verniaiev wa Ukraine alikuwa mbele yake kwa pointi 0.901. Uchimura akapanda kwenye fito, akashinda kwa 0.099. Kosa dogo kabisa mwamuzi hulikata 0.1, kwa hiyo mguu uliolegea kidogo si jambo la kupuuza.

Haya, ngoja maji yapwe. Mchanga mkavu unatitia, viganja vinazama. Tumia ule ulioloa na kushikamana, baada ya kuokota makombe. Zungusha vifundo vya mikono mpaka vipate moto.

Anzia ukutani, tumbo ndilo litazame ukuta. Wengi hupenda kuegemeza miguu huku mgongo ukiwa upande wa ukuta, na ndivyo wanavyozoea kupinda kama ndizi mkono wa tembo. Weka viganja chini, pandisha miguu kidogo kidogo, sogeza mikono karibu na ukuta. Kaza viwiko. Sukuma ardhi mpaka mabega yaguse masikio. Bana makalio. Macho yaangalie katikati ya viganja.

Ukitoka ukutani, vidole ndivyo usukani: ukielekea kuangukia mgongo, bonyeza ncha za vidole, ukirudi ulikotoka, bonyeza kitako cha kiganja. Mwenzako akushike mapaja, asikubebe. Ukizidiwa, ng'oa mkono mmoja, geuza kiuno, tua kwa miguu.

Tulia sekunde 2, kipimo kile kile cha pete za jimnastiki, zile za kuning'inia, ndipo ushuke. Wavuvi watakucheka, waache.

Maji yakianza kujaa, acheni. Kesho mje baadaye kidogo, maana kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku.