Kurejesha Nafasi ya Diski Katika Mfumo wa IBM i

Kompyuta za biashara ambazo IBM ilizizindua mwaka 1988 kwa jina la AS/400, na ambazo warithi wake leo hutumia mfumo endeshi wa IBM i, kwa kawaida huzichukulia diski zote kama hifadhi moja, hivyo uchafu wa idara moja hula nafasi ya wote. Kiwango cha onyo kinachokuja na mfumo ni asilimia 90, lakini msimamizi makini hasubiri kufika huko.

Anza kwa kupima. Amri ya WRKSYSSTS huonyesha asilimia ya hifadhi iliyotumika pamoja na nafasi iliyoshikwa na data za muda. RTVDSKINF, ambayo ni afadhali iendeshwe usiku, hukusanya takwimu ambazo PRTDSKINF huzichapisha kwa kila maktaba (kundi la faili na programu zilizowekwa pamoja) au kwa kila mmiliki.

Futa ripoti za zamani zinazosubiri kuchapishwa, kisha tumia RCLSPLSTG kuondoa nafasi tupu zinazobaki nyuma yake. Faili za kumbukumbu za mabadiliko ya data, zinazofutwa kwa DLTJRNRCV, mara nyingi ndizo kubwa zaidi. Hata hivyo usiziguse kabla hazijahifadhiwa kwenye tepu, wala kama bado zinahitajika kupeleka mabadiliko kwenye mashine ya akiba.

Sehemu inayosahaulika ni rekodi zilizofutwa. Programu inapofuta rekodi, nafasi yake hubaki ndani ya faili, na faili lisiloruhusu nafasi hizo kutumiwa upya, yaani lisilo na REUSEDLT(*YES), huendelea kukua hata kama data hai ni chache. DSPFD itakuonyesha idadi ya rekodi hizo. Zikiwa nyingi, RGZPFM hulipanga upya faili na kurudisha nafasi. Kwa kawaida amri hiyo hulifungia faili watumiaji wengine na huhitaji nafasi ya nakala wakati wa kazi, kwa hiyo ukingoja diski ikaribie kujaa unaweza kukosa pa kuifanyia. Hakikisha pia kwamba hakuna programu inayotafuta rekodi kwa namba ya mahali ilipo, kwa sababu namba hizo hubadilika.

Wengi hukimbilia RCLSTG kwa sababu ya jina lake, Reclaim Storage, yaani “rejesha hifadhi”. Amri hiyo hurekebisha hasa vitu vilivyoharibika au vilivyopoteza mmiliki, hudai shughuli zote zisimamishwe, na nafasi inayorudisha huwa ndogo mno kulinganishwa na saa ambazo ofisi itakaa bila mfumo.