Katuni za Anga na Maajabu kwa Bei Nafuu: Anza na Mikusanyo ya Hadithi Fupi

Ukitaka kuingia kwenye katuni za sayari za mbali, maroboti na mazimwi bila kumaliza mshahara, achana kwanza na mifululizo mirefu. Mfululizo una juzuu kumi, ishirini, na kila juzuu inakudai ununue inayofuata. Tafuta mikusanyo: kitabu kimoja, hadithi nyingi, waandishi na wachoraji tofauti, kila hadithi inaanza na kuisha ndani ya kurasa chache. Ukichoka na moja unaruka, na iliyo mbele yako haikuhitaji ujue chochote cha nyuma.

Mimi ni mchora mabango, karakana yangu iko Mabatini hapa Mwanza. Kazi yangu ni wino, brashi na herufi, na katuni nazisoma kwa jicho hilohilo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza utawashangaza wanaopenda rangi: nunua nyeusi na nyeupe. Bei yake ni ya chini zaidi, na mara nyingi ni nzuri zaidi.

Mfano bora ni hadithi za kampuni ya katuni ya EC ya New York. Mwaka 1950 William Gaines na mhariri wake Al Feldstein walianzisha majarida mawili ya hadithi za kisayansi, Weird Science na Weird Fantasy. Kila toleo lilikuwa na hadithi nne, za kurasa kama sita hadi nane. Leo zinachapishwa upya kwa njia mbili. Wachapishaji Dark Horse wanafuata jarida: juzuu moja ina matoleo sita, kwa rangi, yaani hadithi 24. Wachapishaji Fantagraphics wanafuata mchoraji: kitabu kizima cha Wally Wood, kingine cha Al Williamson, kingine cha Joe Orlando, vyote nyeusi na nyeupe.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa yaliyomo, hesabu hadithi, kisha gawa bei kwa idadi hiyo. Kitabu cha dola 12 chenye hadithi 24 kinakupa hadithi moja kwa nusu dola. Kitabu cha dola 6 chenye hadithi moja iliyokatwa katikati ni ghali, hata kama lebo inaonekana ndogo. Hesabu hii imenifaa kuliko kusubiri punguzo lolote.

Kwa nini basi nawapendekeza Fantagraphics? Kwa sababu rangi za zamani zilichapwa kwa nukta kwenye karatasi duni, na mistari mingi mizuri ilizama humo. Ondoa rangi, uone Wood alivyochora chumba cha ndani ya chombo cha angani: mabomba yanapishana, mita zina mishale, nyaya zinashuka ukutani, na uso wa mtu umeangazwa pande mbili huku katikati ukiwa na kivuli kizito cheusi. Kivuli kile kimewekwa kwa brashi, na ukikitazama kwa makini unaona mahali ilipoanza kukanyaga na ilipoinuliwa. Anayejifunza kuchora akinakili kiboksi kimoja tu cha aina hiyo, yaani picha moja ndani ya fremu yake, atakuwa amepata somo kubwa.

Sasa namna ya kuzisoma, maana hadithi za EC zina tabia yake. Feldstein alikuwa akiandika maneno moja kwa moja kwenye karatasi ya kuchorea. Kisha maneno yalinakiliwa kwa Leroy, kile kifaa cha vibao vya herufi ambacho wachora ramani walikitumia, na ndiyo maana herufi zake zimenyooka kama za plani ya nyumba. Mchoraji alipokea ukurasa ambao tayari umejaa maneno, akachora kwenye nafasi iliyobaki. Matokeo yake maneno ni mengi, na mara nyingi yanasimulia kitu ambacho picha inakionyesha palepale.

Kwa hiyo pita hadithi nzima mara ya kwanza kwa macho tu. Usisome neno. Tazama nani anaingia, nani anaogopa, mwanga unatoka wapi. Ukifika mwisho rudi mwanzo, sasa soma. Kama Kiingereza chako ni cha kusuasua, njia hii inakubeba: ukishajua tukio, maneno magumu yanajieleza, na kamusi utaifungua mara chache. Nimeona vijana waliosema hawawezi kusoma kitabu cha Kiingereza wakimaliza hadithi hivi na kuomba nyingine.

Ukurasa wa mwisho tu ndio uuache. Hadithi hizi zinajengwa kuelekea kiboksi cha mwisho kabisa, chini kulia, na ukikiona mapema umeharibu. Kwenye kitabu cha karatasi ufunike kwa kiganja. Kwenye simu, zima muonekano wa kurasa mbili.

Mfano wa kujaribia ni “Judgment Day”, iliyotoka 1953 kwenye Weird Fantasy namba 18. Feldstein aliandika, Orlando akachora. Mjumbe kutoka Dunia, Tarlton, anafika kwenye sayari ya maroboti kukagua kama imestahili kuingia kwenye jamhuri ya galaksi. Amevaa vazi la anga na kofia yake hadithi nzima. Mwenyeji wake, roboti la rangi ya chungwa, anamtembeza kiwandani kwa fahari. Mjumbe anaomba kuona mtaa wa maroboti ya bluu, na mwenyeji anaanza kusitasita. Tazama hapo Orlando anavyofanya: vifaa vya ndani ya roboti la chungwa na la bluu ni vilevile, ganda la nje tu ndilo limetofautiana, na kwenye basi maroboti ya bluu yanakaa nyuma. Hadithi inatembea polepole, kama ripoti ya mkaguzi, na upole huo ndio unaoiuma roho ya msomaji.

Kiboksi cha mwisho sikitaji. Nitasema tu kwamba Gaines alipotaka kuirudia hadithi hii, tayari kulikuwa na kamati ya maadili ya katuni iliyoundwa Marekani mwaka 1954, na msimamizi wake, Charles Murphy, akataka kitu kimoja kwenye picha hiyo kibadilishwe. Gaines alikataa katakata. Ikachapwa kama ilivyo kwenye Incredible Science Fiction namba 33, mwanzoni mwa 1956, na hilo likawa toleo la mwisho la EC katika vitabu vya katuni. Soma kwanza, kisha jiulize alichotaka kiondolewe ni nini. Mimi hadithi hii nampa kila anayeniambia katuni ni mambo ya watoto.

Baada ya EC, nenda Uingereza. Jarida la 2000 AD lilianza London Februari 1977, mhariri wa kwanza akiwa Pat Mills, na bado linatoka kila Jumatano. Toleo moja lina hadithi kama tano, za kurasa tano au sita kila moja. Waliokua na jarida letu la katuni la Sani, wakingoja Ndumilakuwili na Pimbi, hawatapata shida hapa: kipande kifupi, kinakatika pabaya, unangoja kijacho. Ila kwa mwenye bajeti ndogo, usinunue matoleo ya wiki. Nunua makusanyo yake.

Yapo mawili ya kuanzia. La kwanza ni Future Shocks, hadithi za kurasa mbili hadi tano zinazoishia kwa kupinduka. Waandishi wengi wakubwa wa Uingereza, akiwemo Alan Moore, walijifunzia kazi hapo, na makusanyo yake yanauzwa kwa juzuu. La pili ni Judge Dredd: The Complete Case Files. Dredd aliundwa na John Wagner na Carlos Ezquerra, akatokea toleo la pili la jarida, na juzuu ya kwanza inachukua toleo la 2 hadi la 60. Ni kitabu kinene, nyeusi na nyeupe, karatasi ya kawaida, bei ya chini kwa unene wake. Dredd ni askari, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa pamoja, na waandishi wake wanaukosoa mji unaomhitaji mtu kama huyo. Msome ukiwa na wazo hilo, la sivyo utadhani wanamsifia.

Jambo jingine linalonifurahisha 2000 AD ni majina. Mwaka 1977 Kevin O'Neill, aliyekuwa kwenye dawati la sanaa, alianza kuweka kwenye kurasa majina ya mwandishi, mchoraji na hata mwandika herufi, wakati majarida mengi ya Uingereza hayakuwataja kabisa. Ukikutana na jina la Tom Frame, huyo ndiye aliyeandika kwa mkono herufi za Dredd kwa miaka mingi. Simama dakika moja uzitazame, zimesimama wima na zina pumzi.

Kuhusu kununua na kufungua, haya yanatosha. Duka la mtandaoni la 2000 AD linauza faili za PDF na CBZ zisizo na kufuli, yaani ukishalipia ni lako, unalihifadhi kwenye memori kadi. Hili ni la maana: mwezi Desemba 2023 Comixology, programu ya kununua na kusoma katuni, ilifungwa na vitabu vya watu vikahamishiwa programu ya Kindle, wakalazimika kuzoea upya. Duka la mtandaoni la Humble Bundle nalo huuza mafungu ya katuni kwa muda maalumu, vitabu vingi kwa dola chache, na makusanyo ya 2000 AD yamewahi kupita humo. Malipo ni kwa kadi ya mtandaoni: Kenya kuna GlobalPay ya M-Pesa, Tanzania ulizia kadi pepe kwa mtandao wako wa simu au benki yako. Ndugu walio Marekani na Kanada waulizie kama maktaba ya mji wao imejiunga na Hoopla, huduma ya kuazima vitabu mtandaoni, maana hapo wanaazima bure.

CBZ isikutishe. Ni picha za kurasa zilizofungwa pamoja kwenye zip. Ukibadilisha mwisho wa jina kutoka .cbz kuwa .zip, linafunguka kama faili lolote. Kwenye Android natumia Perfect Viewer, kwenye kompyuta YACReader. Kurasa za 2000 AD ni kubwa, kwa hiyo kishikwambi cha inchi kumi, hata cha mtumba, kinafaa kuliko simu. Kama una simu tu, ilaze, usome nusu ukurasa ya juu kisha ya chini. Ule mtindo wa programu kukuonyesha kiboksi kimoja kimoja uzime. Mchoraji alipanga ukurasa mzima, na ukubwa wa kiboksi kimoja kando ya kingine ni sehemu ya usimulizi.

Asiye na hata dola moja ana jarida la zamani la Planet Comics. Kampuni ya Fiction House ya Marekani ilitoa matoleo 73 kati ya 1940 na 1953. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, haki ya kazi ilipaswa kuhuishwa baada ya miaka 28, na katuni nyingi hazikuhuishwa, zikawa mali ya umma. Ziko kwenye tovuti za Digital Comic Museum na Comic Book Plus, bure na kihalali. Niseme ukweli, hadithi zenyewe ni dhaifu, na wanawake wamevalishwa nguo za kuwafurahisha wanaume. Mazuri yake ni michoro. Tafuta “Mysta of the Moon” iliyochorwa na Matt Baker, mmoja wa wachoraji wachache weusi wa enzi ile, na “The Lost World” ya Lily Renée, binti aliyeikimbia Vienna ya Wanazi. Kwenye tovuti hizohizo utakuta Jungle Comics ya kampuni hiyohiyo. Waafrika wamechorwa humo kwa dharau, na sioni sababu ya kumpa mtoto.

Usisome hadithi zaidi ya mbili au tatu kwa mkao mmoja. Miisho ya kushtukiza ikifuatana inapoteza makali, na utaanza kuibashiri. Weka daftari, na baada ya kila hadithi iliyokugusa andika jina la mchoraji, jina la mwandishi, na kiboksi kimoja unachokikumbuka. Jina la mchoraji likijirudia kwenye daftari lako mara ya tatu, hapo sasa toa pesa ununue kitabu chake peke yake.