Somo: kupika kaboni ya vitundu iwe kichocheo cha kutoa haidrojeni kwenye maji

Wakuu, kinadharia maji yanavunjika kwa volti 1.23 tu, ila ukiwasha umeme unajikuta unahitaji zaidi, na hiyo ziada ndio kichocheo kinaipunguza. Platinamu ndio mfalme ila bei yake haishikiki. Kaboni haiifikii, nisiwadanganye, lakini inatoka kwenye mabaki ya mimea.

Hatua 1. Vifuu vya nazi visafishe, vikaushe, visage, choma kwenye tanuri ya bomba nyuzi 500 hivi huku naitrojeni inapita. Hewa ikiingia umebaki na majivu.

Hatua 2. Makaa sehemu 1, potasiamu haidroksaidi sehemu 3 kwa uzito, rudisha tanurini nyuzi 700 mpaka 800, bado kwenye naitrojeni. Hiyo ndio inaitafuna kaboni na kuacha vitundu, gramu moja inaweza kupata eneo la mita za mraba 2000 na kitu. Tumia chombo cha nikeli maana cha kwazi (kioo kigumu cha maabara, quartz) kinaliwa. Na ikipoa usikurupuke kumwaga maji, humo ndani panaweza kuwa na potasiamu yenyewe na ikigusa maji inawaka.

Hatua 3. Osha kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, halafu maji safi ya maabara mpaka pH ifike 7. Hapa ndio watu wanalipua kazi, vitundu vinabaki vimezibwa na chumvi alafu wanalaumu malighafi.

Hatua 4. Kaboni tupu ni mvivu. Changanya na melamini, ambayo ni poda yenye naitrojeni nyingi, pika tena nyuzi 800, naitrojeni ikijipenyeza inavuruga mpangilio wa elektroni na haidrojeni inapata pa kushika.

Hatua 5. Poda, ethanoli na tone la Nafion (plastiki ya maji inayoshika poda kama gundi), paka kwenye elektrodi, soma volti ya ziada kwenye miliampia 10 kwa sentimita ya mraba. Elektrodi ya upande wa pili, ule wa oksijeni, isiwe platinamu!! Inayeyuka kidogokidogo inaenda kujipaka kwenye kaboni yako, mimi nilishangilia wiki nzima kumbe nilikuwa napima platinamu. Weka fimbo ya grafiti.

MASWALI

Mkuu naweza tumia maji ya chumvi ya kawaida?
– Acha kabisa, upande wa pili unaweza kutoa klorini na ile ni sumu. Tumia potasiamu haidroksaidi mola 1 kwa lita, vaa miwani.

Kwani nikiweka kaboni hii pande zote mbili?
– Kwenye kupima kwa muda mfupi sawa, ila ukikaa nayo upande wa oksijeni kaboni yenyewe inaliwa. Mtambo wa kudumu weka nikeli huko.

Kwahiyo vitundu vikizidi ndio bora?
– Hapana aisee, vikiwa vidogo tupu maji hayapiti vizuri na maputo yanakwama humo. Vikubwa ni barabara, vidogo ni vyumba, unataka vyote.