Tangawizi ya mfereji nyumbani: anza na baridi, gesi baadae

Kila anayekuja kwetu Fuoni, Unguja, akaiona ile kaunta ya ukumbini tunapomimina tangawizi yenye gesi kwa mfereji kutoka kwenye friji, swali la kwanza ni gesi, gesi unapata wapi, mtungi bei gani. Mie namwambia ngoja kwanza, friji yako inashuka baridi mpaka ngapi? Maana kazi yote iko hapo. Kinywaji kikiwa na joto gesi haikai ndani yake, ukifungua mfereji linatoka povu tupu, gilasi inajaa na likishatulia unabaki na vidole viwili vya tangawizi iliyopooza.

Vyombo ni vilevile vya bia ya mfereji kama unavyoviona kwenye baa za mahoteli kule Nungwi na Paje: kegi (lile pipa la chuma la kutilia kinywaji), mtungi wa kaboni dayoksaidi, ndo gesi yenyewe, regyuleta ya kupimia na kupunguza presha ya gesi, mipira ya kupitishia na mfereji wenyewe. Sie nyumbani bia hatunywi, tunatia tangawizi na ikifika Ramadhani tunatia ukwaju, lakini anaetaka kuweka bia njia ni hiyohiyo, inabadilika presha na urefu wa mpira tu, nitasema.

Friji tafuta ya mlango mmoja hata iwe mtumba, ila usiende na macho matupu, nenda na futi. Kegi ya lita 19 ina urefu wa sentimita 63 hivi na upana wa kama 22, na ukiunganisha mipira juu inataka nafasi zaidi. Friji nyingi chini kwa nyuma zina kigongo, ndo pale mota inapokaa, sasa kegi hapo haikai sawa, labda uweke kibao. Na ile friza ndogo ya juu kwa ndani usiikunje wala kuilazimisha, mna paipu za gesi ya friji.

Kwenye kutoboa ndo pana msiba. Friji yangu ya kwanza niliitoboa ubavuni kwa sababu nilitaka mfereji uelekee barazani, drili imeingia kidogo tu nikasikia ssss, na harufu ya mafuta, basi, gesi ya friji imetoka yote na friji imekwisha siku hiyohiyo. Ubavuni mara nyingi mna paipu zimepita usizoziona. Toboa mlangoni, mlango ni bati, sponji na plastiki tu, hauna paipu ila angalia kama una waya wa taa au vidude vya umeme. Tundu liwe la kupita ile shingo ya mfereji bila kulegalega, ukizidisha joto linaingia.

Ukishamaliza usitie kinywaji bado. Weka gilasi ya maji katikati ya friji, lala nayo usiku, asubuhi tia kipimajoto ndani ya maji, sio kwenye hewa ya friji maana hewa inakudanganya kila ukifungua mlango. Unataka digrii 2 mpaka 4. Ikiwa 8 rekebisha kwanza, mpira wa mlango umechoka au friji imebanwa sana na ukuta, na huku kwetu joto na unyevu huu friji inataka kupumua nyuma.

Mfereji nunua wa stenlesi. Ile ya shaba iliyopakwa rangi ya fedha ni rahisi, lakini ukwaju na ndimu ni vikali na kinywaji chenye kaboni chenyewe ni kikali, rangi inaliwa kisha shaba inaingia kwenye kinywaji, na shaba ikiingia tumboni watu wanatapika. Kwa hiyo na paipu ya shaba usiweke popote kinywaji kinapopita. Hapa usibane pesa hata kidogo.

Mtungi wa gesi mwambie muuzaji wazi kuwa unataka ya vinywaji, sio ya kuchomelea. Usimame wima muda wote na ufungwe mnyororo, ukilala ile gesi iliyogandamizwa ikawa kama maji inaingia kwenye regyuleta na kuiharibu. Kila kiungo kipake povu la sabuni, panapotoa mapovu pana uvujaji. Na hili nalisema kwa uzito kabisa, mtungi usiuweke chumba cha kulala wala stoo iliyofungwa, gesi hii ni nzito kuliko hewa inashuka chini, na chini ndo watoto wanapolala kwenye mkeka, haina harufu hutoijua. Weka ukumbini upepo unapopita.

Tangawizi yenyewe: kilo moja ya tangawizi mbichi, twanga, chemsha na mchaichai na punje za pilipili manga, sukari kilo moja na nusu, ikipoa tia ndimu kisha ongeza maji ifike lita 17, usijaze kegi mpaka juu. Chuja kwa kitambaa mara mbili, mara tatu ikiwa ukwaju, kwa sababu uzi mmoja tu wa tangawizi unaziba kile kitundu cha kegi na utaifungua yote upya. Itie kwenye friji usiku mzima ipoe hasa, ndo ufungue gesi kwa presha ya paundi 30 (psi, inavyosomeka kwenye regyuleta), iache siku tano mpaka wiki. Mwenye haraka anaitikisa kegi dakika kadhaa, inawezekana, ila iwe ya baridi.

Sasa mpira. Kwa bia watu wanaweka paundi 10 mpaka 12 na mpira wa mita 3, tundu la ndani milimita 5. Kwa tangawizi ya paundi 30 mpira huohuo utakurushia povu usoni, weka mita 7 au 8, uzungushe duara ndani ya friji, ule urefu ndo unaopunguza kasi. Wengi wakiona povu wanashusha presha, leo afadhali, kesho kutwa gesi imetoka kwenye kinywaji na povu liko palepale.

Umeme ukikatika usifungue mlango. Wa Unguja tunakumbuka 2008 tulikaa kiza kiasi cha mwezi, na tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, basi mie kila pembe iliyobaki wazi nimejaza chupa za maji, zinashika baridi masaa mengi. Kegi ikipata joto kinywaji hakiharibiki hapohapo, ila usimimine mpaka irudi baridi.

Kumimina, vuta mfereji wote kwa mara moja, ukiufungua nusu unatoa povu, gilasi uilaze. Gilasi ya kwanza ya jioni itakuwa na povu kidogo kwa sababu mfereji wenyewe una joto la nje. Kegi ikiisha pitisha maji ya moto kiasi na sabuni ya vyombo, suuza mpaka harufu itoke, na mfereji uufungue uuoshe kwa mswaki, ukwaju ukikaukia ndani asubuhi mkono wa mfereji hauvutiki.