Usije Saiba Kabla Hujajua Unachotaka

Kwa miaka sita niliendesha saiba, yaani duka dogo la intaneti, mtaani Umoja jijini Nairobi, na kazi iliyonilemea kuliko zote ilikuwa kuwajazia vijana maombi ya kozi kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo. Wengi walikuja siku ya mwisho, foleni imefika kwenye ngazi na intaneti inakwama. Jioni moja mama mmoja alisimama nyuma ya kijana wake akaniambia, "Mwekee yoyote nzuri, mwanangu, bora asikose." Nikamwekea. Mwaka uliofuata nilimkuta kijana huyo stejini akiita abiria. Kozi alikuwa ameiacha muhula wa pili. Niliichagua mimi kwa dakika kumi, nisiyejua hata anapenda nini, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Ndiyo maana nawaandikia wazazi na vijana wa kidato cha nne mapema.

Muda wa kujiandaa upo. Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza kidato cha nne, humalizika Novemba. Matokeo ya 2023 yalitangazwa tarehe 8 Januari 2024, na ya 2024 tarehe 9 Januari 2025. Katikati hapo kijana yuko nyumbani wiki kadhaa na kila mtu anamwambia apumzike. Apumzike, kwa kweli amechoka. Lakini hizo ndizo wiki nzuri za kufikiri, kwa sababu bado hakuna gredi ya kumtisha wala ya kumpa kiburi.

Cha kwanza ningemwomba aione kazi mahali inapofanyika. Nairobi ina utajiri wa aina hii na hatuutumii. Anayetaka sheria aende mahakama za Milimani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na mtu anaweza kukaa nyuma asubuhi nzima bila kulipa senti, aone jinsi wakili anavyosubiri kwa muda wa saa tatu ili aongee dakika tano. Anayependa vyuma aende Kamukunji asikie nyundo za mafundi wa jua kali, kisha aulize nani hununua masanduku na jiko zile, na kwa bei gani. Anayetaka uuguzi amtafute muuguzi wa mtaani kwao akitoka zamu ya usiku. Asiulize, "Kazi hii ni nzuri?" maana kila mtu atamjibu ndiyo. Aulize siku ya kawaida ikoje, na mtu huyo alikaa muda gani tangu kumaliza masomo hadi kupata mshahara wa kwanza. Nimeona vijana wakibadilisha mawazo kwa swali hilo la pili peke yake, na wengine wakirudi na hamu maradufu.

Cha pili ni kujua gredi inavyosomwa, na hapa ndipo familia nyingi hupotea. Watu huangalia gredi ya wastani tu. Ni kweli kwamba C+ ndiyo hufungua mlango wa digrii, C- hutosha kozi nyingi za diploma, D huingia cheti, na mafunzo ya ufundi ya ngazi ya chini hayambagui mtu kwa gredi. Lakini kila kozi ya digrii ina klasta yake, yaani masomo manne yanayopimwa kwa ajili yake. Uhandisi unataka Hisabati, Fizikia na Kemia. Mwenye B ya jumla aliyepata D katika Fizikia hana nafasi hapo, hata baba akasirike vipi. Tena ile alama ya mwisho ya mwaka jana inayoonekana kwenye tovuti si sheria iliyowekwa. Ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi. Wakiomba wengi wenye pointi za juu mwaka huu, itapanda. Kwa hivyo mtu asijaze kozi ambazo zote zinamtaka awe na bahati. Aweke anayoitamani, aweke ambayo pointi zake zinaizidi vizuri, na hiyo ya pili pia awe anaweza kuisoma kwa moyo.

Ufundi nao usitajwe kama adhabu. Kabete National Polytechnic ilianza mwaka 1924, na mafundi waliotoka huko wamejenga nchi hii. Kijana aliyejifunza kazi kwa fundi bila cheti bado anaweza kwenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani iliyo pale Industrial Area, apimwe kwa mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu, kisha apande hadi ya pili na ya kwanza. Mzazi anayesema "ukianguka utaenda poly" mbele ya mtoto amemfungia mlango ambao pengine ndio ungemfaa.

Kabla ya kulipa chochote katika vile vyuo vya ghorofani katikati ya jiji, ulizeni kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, na kama kozi inatambuliwa na bodi ya taaluma hiyo. Uuguzi una baraza lake, uhandisi una bodi yake. Cheti ambacho bodi haikitambui hakikupi leseni.

Halafu pesa. Mazungumzo haya ni magumu, nayo hukwepwa mpaka barua ya kujiunga ifike. Afadhali kijana aanze mwenyewe: "Baba, naomba unieleze ukweli, tunaweza kiasi gani?" Na baba ajibu ukweli bila kuona aibu. HELB, pesa za bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ni mkopo wenye riba ya asilimia 4, nao utadaiwa. Karo pia si gharama yote. Anayesoma jijini akilala nyumbani ana nauli kila siku, na mvua ikinyesha matatu hupandisha. Anayepelekwa Eldoret au Maseno ana kodi, godoro na chakula. Andikeni hesabu hiyo kwenye karatasi pamoja, ya mwaka mzima.

Stakabadhi ni jambo dogo linaloharibu mengi. Namba ya cheti cha kuzaliwa huhitajika kuingia kwenye tovuti, kwa hivyo kitafuteni sasa na mlinganishe herufi za majina na zile za shuleni. Aliyefikisha miaka 18 aombe kitambulisho bila kusubiri matokeo, kisha asajili laini ya simu kwa jina lake mwenyewe.

Siku ya kujaza ikifika, njoo saiba mapema asubuhi ukiwa na karatasi yenye kozi zako kwa mpangilio, na namba ya kila moja. Kaa wewe kwenye kibodi ukiweza. Mwenye saiba akikuuliza, "Nikuwekee nini?" msomee karatasi hiyo mstari kwa mstari, na umwombe akugeuzie skrini uhakikishe kabla hajabonyeza kutuma.